Unyayo wa Kuku Chini ya Kifuniko

Saa za mkono tisa zilikuwa zimelazwa kifudifudi juu ya taulo jeupe, na Inspekta hakuipenda hata moja. Alizikusanya kutoka kwa watu waliozinunua mtandaoni, na kila mmoja aliitoa yake kwa kinyongo, akiuliza itarudi lini. Wote walikuwa wameimbiwa wimbo mmoja: hii ni saa ya majaribio, kiwanda kilitengeneza chache za kupima kabla ya kuamua, haikufika dukani, haina pacha duniani. Mtu akishaambiwa kitu chake hakina pacha duniani, akili humruka. Daktari wa meno aliyeleta malalamiko ya kwanza alilia palepale mezani, mtu mzima na koti lake jeupe, na Inspekta alimpa kitambaa bila kumwonea huruma sana.

"Funga pazia," akamwambia Koplo.

Koplo alikuwa mwanamume mnene, mwenye miaka mingi kazini kuliko Inspekta na cheo kidogo kuliko chake, jambo alilomsamehe kila asubuhi na kulikumbuka tena kila mchana. Akafunga pazia. Ofisi ya makosa ya ulaghai ilikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, makabati ya chuma ukuta mzima, na feni iliyozunguka kwa malalamiko.

Inspekta akazigeuza saa zikatazama juu. Akawasha taa ndogo ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia, akazimulika zote kwa pamoja, kisha akaizima.

Ile rangi ya kung'aa gizani, inayopakwa kwenye namba na mishale ili mtu asome saa hata taa zikikatika, huzeeka. Ya zamani ukiimulika inawaka kidogo, na ukizima taa nayo inakufa hapohapo. Mpya haijui adabu hiyo, inaendelea kung'aa. Katika giza la pazia, saa nne zilikufa. Tano zilibaki zinawakodolea macho.

"Hizi tano zimezaliwa juzi," Koplo akasema.

"Fungua pazia. Zitazame rangi yake kwenye mwanga."

Koplo akainama. "Ya kahawia. Kama za zamani."

"Ya chai. Wanapaka rangi mpya, kisha wanaichovya chai ya rangi ili ionekane imekula miaka. Sasa soma kilichoandikwa usoni."

Chini ya jina la kiwanda, kwenye saa zile tano tu, kulikuwa na neno moja kwa herufi ndogo, safi, zilizopangwa vizuri: MAJARIBIO.

"Una watoto, Koplo?"

"Wanne, afande."

"Umewaandika 'mtoto' kwenye paji la uso?"

Koplo akacheka mpaka tumbo likagusa meza. "Nyumbani kila mtu anawajua."

"Na kiwandani kila mtu aliijua saa ya majaribio. Anayeandika ni yule anayetaka mgeni asadiki."

Hapo ndipo kazi rahisi ilipoishia. Inspekta alichukua kisu kifupi cha kufungulia saa, akabandua vifuniko vya nyuma kimoja baada ya kingine, akavipanga kila kimoja mbele ya saa yake. Ndani ya kila kifuniko palikuwa na mhuri wa kiwanda, na karibu na mhuri, mikwaruzo mitatu iliyofunguka kutoka nukta moja. Wanunuzi mtandaoni waliiita unyayo wa kuku, na bila picha yake hawakutoa hata senti. Ilikuwa alama ya fundi mmoja, marehemu sasa, aliyefanya kazi chumba cha majaribio mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akatengeneza saa za watu nyumbani kwake mpaka alipougua. Saa zote tisa zilitoka kwenye nyumba hiyo. Muuzaji alikuwa mjane wake.

"Alama ipo kwenye zote," Koplo akasema, sauti imeshuka. "Za kweli na za uongo. Basi ni mzee mwenyewe."

Inspekta alikuwa anakumbuka siku alipokwenda kwa mjane na hati ya upekuzi. Mama yule hakupiga kelele, aliwaandalia viti. Benchi la kazi la marehemu lilikuwa bado katikati ya sebule, mahali ambapo watu wengine huweka kochi, vibano vimepangwa kwa urefu. Upande wa pili wa benchi palikuwa na ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake kimto kilichofifia. Kwenye kona, fimbo ya kutembelea na kikombe cha mgonjwa, chenye mdomo wa kunyonyea. Marehemu alipigwa na kiharusi, akalala mwaka mzima kabla ya kufa.

"Saa chukueni," mama alisema. "Hata benchi chukueni, kama mnaona lina hatia. Jina la mume wangu tu, naomba mliache lilivyo. Yule mtu hakuwahi kumdanganya hata mtoto kwa peremende. Hana kingine alichoniachia."

"Nitajitahidi, mama," Inspekta alimjibu, na tangu siku hiyo alijichukia kwa kujibu hivyo, maana askari hatakiwi kuahidi.

Sasa alivisogeza vile vifuniko kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, mpaka mihuri yote ikakaa sawa, maandishi yakisomeka kutoka kwake. Kifuniko ni duara. Mtu anayekipiga picha hukigeuza anavyotaka, na anayeitazama picha haulizi juu ni wapi. Mihuri ilipokaa sawa, Inspekta akanyooka.

"Koplo. Hawa kuku wanakwenda wapi?"

Koplo alitazama. Akatazama tena, akizunguka meza. "Wale wanne wanapanda. Vidole vinatazama mhuri." Akavionyesha vingine. "Hawa watano wanashuka."

"Nani mwingine anaijua alama hii?"

"Mzee Springi, mwenzake wa kiwandani," Koplo akasema, na uso wake ukapata uhai. "Nilikwambia, afande. Nilikwambia tangu mwanzo ni Springi."

*

Mzee Springi alipewa jina hilo kiwandani kwa sababu hakuweza kutulia, na umri haukumsaidia. Alikaa mbele ya Inspekta akitikisa goti, kofia mkononi, akilitazama bati la biskuti ambalo Koplo alilikuta kibandani kwake. Lilikuwa limejaa nyuso za saa, tupu, hazijaandikwa kitu.

"Za nini hizi, mzee?"

"Za kiwanda. Kilipofungwa walizitupa jalalani, nikaziokota."

"Sikuuliza zimetoka wapi. Nimeuliza za nini."

"Na wewe, binti yangu, huna kitu umekiweka tu?"

Koplo akaguna kwa kicheko, kisha akakumbuka yuko upande gani.

"Nani mwingine amewahi kuchukua humu?"

"Marehemu. Alichukua kiganja kizima kabla hajaugua, za kubadilishia wateja. Tulikaa benchi moja chumba cha majaribio, yeye kulia, mimi kushoto. Siku wanafunga geti, mshahara wa mwisho haukutoka. Wakasema kila mtu achague saa nne za majaribio aende zake. Zangu mimi nilizila wiki ileile. Yeye alizifunga kwenye kitambaa, akaweka."

"Una hakika ni nne?"

"Angekuwa na ya tano ningejua. Ningemwomba."

Koplo akamwinamia. "Mzee, una vifaa, una nyuso za saa, una ufundi. Na njaa unayo. Kwa nini tusiamini ni wewe?"

"Kwa sababu ningekuwa na pesa, mimi! Nitazame viatu."

Wote wakatazama viatu. Hoja ilikuwa nzito, lakini viatu havipokelewi mahakamani. Inspekta akamsogezea kifuniko kitupu, chenye mhuri tu, na kalamu ya wino mweusi.

"Nichoree alama ya mwenzako."

Mzee hakufikiri. Aliweka mhuri sawa, akapiga nukta chini yake na mistari mitatu kwenda juu, vidole vikigusa herufi. Mkono wake, uliokuwa ukitetemeka pamoja na goti, ulitulia kwa muda huo tu.

"Sasa tazama hii," Inspekta akasema, akampa kimoja kati ya vile vifuniko vitano.

Mzee Springi akakileta karibu na jicho. Goti likasimama. "Nani kafanya uchafu huu?"

"Kina kasoro gani?"

"Kuku kageuzwa! Kiwandani msimamizi angekurushia usoni. Vidole vinatazama mhuri, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ili anayefungua saa ajue juu ni wapi. Marehemu hata saa za watu nyumbani alizitia alama hivyohivyo. Miaka yote. Usimwambie mtu kwamba yule ndiye aliyefanya hivi."

"Nyumbani alikuwa anafanya kazi na nani ubavuni?"

"Na nani? Peke yake. Mimi nilipita kupiga soga, yeye hajibu, ana lenzi jichoni. Labda yule mtoto wake. Lakini mtoto hakukaa ubavuni. Alikaa mbele, ng'ambo ya benchi, kwenye ndoo yake. Kugusa marufuku. Anatazama tu, macho yamemtoka pima."

Inspekta alichukua kile kifuniko alichochora mzee, akakiweka mezani katikati yao. Kutoka kwa Mzee Springi, kuku alikuwa anapanda. Kutoka kwenye kiti cha Inspekta, ng'ambo ya meza, vidole vilikuwa vinamjia yeye.

Koplo, aliyekwisha kuandaa pingu, akaanza kuzirudisha kiunoni polepole.

"Mzee, ngoja kwenye benchi pale nje. Bati lako utapewa."

"Na jina la ndugu yangu?" Mzee Springi alisimama, lakini hakuondoka. Akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya karatasi kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. "Unaona hiki? Kimetoka kwenye saa yangu mwenyewe. Yule akikubadilishia kipande, kile kibovu anakurudishia kwenye karatasi, ujue hakukuongopea. Mteja yeyote. Hata mimi rafiki yake. Mtu wa namna hiyo mnamtafutia nini kwenye mafaili yenu?"

"Ngoja nje, mzee," Inspekta akasema, kwa upole uliomshangaza Koplo.

*

Mtoto wa marehemu sasa alikuwa mtu wa makamo, mchapaji, mwenye duka la kadi, mihuri na beji mtaa wa nyuma ya stendi. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akaomba mama yake awepo chumbani. Sheria haikumlazimisha Inspekta kukubali. Alikubali kwa hesabu zake: mtu anaweza kumkodolea macho askari akadanganya mchana kutwa, lakini mbele ya mama yake, na mambo ya baba yake mezani, atapepesa jicho mara moja, na mara moja inatosha. Akamweka mama kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha. Hesabu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu, na hakuna aliyemsaidia kuipiga.

"Tumepekua duka lako," Inspekta akaanza.

"Mmekuta nini?"

"Hatukukuta kitu. Nimeingia maduka mengi ya uchapaji, sijawahi kuona lenye sakafu ya kulambika."

"Mimi msafi."

"Kucha zako hazina habari hiyo."

Mchapaji akakunja vidole. "Hizi saa mimi napiga picha tu na kuziweka mtandaoni. Mali ni ya mama."

"Ni kweli, mwanangu," mama akasema kutoka dirishani, akimwambia Inspekta. "Zilikuwa kwenye droo za mzee. Tukapata zile nne, tukauza. Nikajua zimeisha. Kisha huyu kila akija kunisaidia kupanga droo, anapata nyingine."

Koplo akakohoa. Mama akamtazama kwa mashaka, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka nyuma yake, lakini bado hakuelewa.

Inspekta akabadilisha sauti. "Wanaomjua baba yako wanasema hukurithi kitu cha ufundi wake. Wanasema wewe na saa ni mbingu na ardhi."

"Nani anasema? Springi?" Mchapaji akacheka kwa uchungu. "Springi alikuwa anakuja kunywa chai. Mimi nilikaa pale kila siku baada ya shule. Kila siku. Ukigusa kibano unapigwa kofi la mkono, basi unatazama. Hakuna mtu hai anayeijua kazi ya mzee kunishinda."

"Hata alama yake?"

"Alama yake naweza kuichora nimefumba macho."

Inspekta akamsogezea kifuniko kitupu, mhuri umekaa sawa mbele yake, na kalamu. Mchapaji alitia nukta chini ya mhuri, akasita kidogo tu kuchagua nafasi, akashusha mistari mitatu kuja upande wa kifua chake. Akakisukuma mbele, ameridhika.

Koplo aliacha kuandika. Feni ilizunguka mara kadhaa.

"Vidole vinakwenda wapi?" Inspekta akauliza.

"Vinakuja huku."

"Kila mara?"

"Kila mara." Kwa mara ya kwanza uso wa mtu yule ulilainika. "Nilipokuwa mdogo nilidhani kuku anakuja kwangu. Nilikuwa nasubiri hiyo sehemu. Anamaliza saa, anachora, kuku anakuja."

Ilimuuma Inspekta, na hakupenda imuume. Akatoa vifuniko vyote tisa, akavipanga mbele ya mchapaji, vinne juu, vitano chini.

"Baba yako alikaa kwenye kiti, wewe kwenye ndoo, ng'ambo. Kuku wake alikuwa anaondoka kwake na kuja kwako. Ukitazama kutoka kwenye kiti, vidole vinapanda, vinatazama mhuri. Hizi nne amezichora yeye. Kisha amekuja mtu akaketi kwenye kile kiti, akachora kuku anayekuja kwake, kama alivyomwona siku zote. Dunia nzima mtu anayeijua alama hii kwa upande huo ni mmoja."

Mchapaji alitazama safu ya juu, kisha ya chini. Alinyoosha mkono, akakigeuza kifuniko kimoja taratibu, kama anayeona kitu hicho leo. Hakuwahi kukagua. Nani hukagua jambo analolijua tangu utoto?

"Sema," Inspekta akamwambia. "Ukisema mwenyewe itakusaidia."

"Mimi..." akaanza.

"Ni mume wangu."

Wote wakageuka. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mama, keti," Inspekta akasema.

"Ni mume wangu aliyezitengeneza. Alipokuwa mgonjwa. Nilikuwa naona aibu kusema."

"Mama."

"Kiharusi kilimgeuza akili. Alikuwa anavaa kiatu cha kushoto kulia. Shati nje ndani. Hata alama yake aliigeuza, yeye mwenyewe, kwenye benchi lake. Nyuso za saa alizitoa kwa Springi, muulizeni Springi."

Inspekta alisogea mpaka kwa mama, akashusha sauti. "Nilikuta kikombe cha mgonjwa nyumbani kwako. Mkono ulioshindwa kushika kikombe cha kawaida uliandika herufi ndogo kama zile za MAJARIBIO?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Mimi ndiye niliyemlisha. Mimi ndiye niliyemwogesha. Mkono wake uliweza nini na haukuweza nini, najua mimi." Mama hakulia. Alimtazama Inspekta machoni, na macho yale yalikuwa yanaomba kitu kilekile kama siku ya upekuzi, ila sasa kwa mtu mwingine. "Andika, mwanangu."

"Uliniomba jina lake niliache lilivyo."

"Andika."

Inspekta akamgeukia mchapaji. Bado palikuwa na nafasi. Neno moja tu, hata kutikisa kichwa, na mama angerudi kwenye kiti chake na mume wake angebaki alivyokuwa. Inspekta alimpa muda mrefu kuliko anaotakiwa kumpa mtuhumiwa. Mchapaji alikuwa ameinamisha kichwa, akisugua wino kwenye ukucha wa kidole gumba kwa ukucha mwingine. Aliendelea kusugua.

"Koplo, chukua maelezo," Inspekta akasema.

Koplo alichukua maelezo. Alipofika mahali pa jina la aliyetenda kosa, alimwomba mama alitaje kamili. Mama akalitaja, majina yote matatu, polepole, bila kukosea, akisubiri kalamu imalize kila moja. Akatia sahihi. Mwanawe akatia sahihi kama shahidi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea herufi.

Nje ya sahihi hizo Inspekta hakuwa na kitu. Duka lilikuwa safi. Rangi haisemi imepakwa mwezi gani. Mchoro wa kalamu ungekuwa mzuri mahakamani kama asingekuwepo mjane aliyemuuguza mtu kwa mikono yake, na wakili angemweka kizimbani akiwa na shela nyeusi, na hakimu angefuta machozi. Mkuu wa kituo angefurahi zaidi: mkosaji amepatikana, na hatakata rufaa.

"Na zile nne?" Koplo akauliza kwa sauti ndogo, akivirudisha vifuniko. "Za kweli?"

"Nani atazisadiki sasa?" Inspekta akajibu.

Mchapaji alisimama, akakunja mikono ya shati, akashusha pumzi. Alipofika mlangoni aligeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Samahani, afande. Vile vifaa vya mzee mlivyochukua. Vibano na lenzi. Tutarudishiwa lini?"

Mama alikuwa ameshika kiwiko cha mwanawe ili amsaidie kutembea. Inspekta aliona vidole vya mama vikifunguka kimoja kimoja, vikaacha mkono wa mwanawe, vikaenda ukutani. Kutoka hapo alitembea kwa kushika ukuta.

Kwenye ujia, Mzee Springi aliruka kutoka kwenye benchi, kofia mkononi. "Shemeji! Wamempata?"

Mama hakusimama. "Wamempata, shemeji."

"Afadhali! Si nilisema? Nilijua tu, ndugu yangu atatoka safi!"

Mama aliendelea mpaka kwenye ngazi, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akaanza kushuka. Mwanawe alimfuata kwa nyuma, akinyoosha mkono mara moja, akaurudisha.

Mzee Springi akamgeukia Inspekta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na bati la biskuti kwapani na maelezo mkononi. Uso wa mzee uling'aa. "Haya, binti yangu, niambie. Ni nani?"

Inspekta angeweza kusema upelelezi ni siri. Aliwaambia watu wengi maneno hayo katika kazi yake, na yalikuwa karibu kabisa na ulimi. Lakini mzee huyu angelisikia jina mtaani kabla jua halijazama, kutoka kwa watu watakaolisema kwa kicheko. Basi akamwambia yeye, majina yote matatu, kama yalivyoandikwa.

Mzee Springi alimtazama. Akatazama ngazi, ambako bado viatu vya mama vilisikika vikishuka. Alipokea bati lake, akalifungua, akalifunga. Goti lake halikutikisika.

"Basi hamjampata mtu," akasema.

Akarudi kwenye benchi, akaketi, akaweka kofia juu ya magoti, akangoja aitwe tena kuhojiwa.